Jinsi nilivyoondoa vidoa vya kutu kwenye gari jipya

Gari langu jipya jeupe lilipotoka bandarini Dar es Salaam, nililikuta na vidoa vya rangi ya machungwa ambavyo shampuu haikuvitoa, na nilipopitisha mkono uliovikwa mfuko wa mkate juu ya boneti, nilihisi uso unaokwaruza kama msasa. Haikuwa kutu ya bodi, bali chembe za chuma zilizonasa kwenye rangi safarini. Nilipulizia dawa ya kuyeyusha chuma, gari likiwa kivulini, ikageuka zambarau, nikaisuuza kabla haijakauka. Kisha nikapitisha taratibu udongo maalumu wa kusafishia rangi, nikiulowanisha kwa maji ya sabuni, maana ukitumiwa mkavu huchubua. Fundi alishauri tung'arishe kwa mashine. Nilikataa, kwani hupunguza tabaka la klia, yaani tabaka angavu la juu linalolinda rangi. Nilimalizia kwa nta.