Nilivyomaliza ugomvi na fimbo za mtumba na uwanja mgumu

Sisi tunaocheza gofu ya ridhaa hapa Dar es Salaam tuna malalamiko yanayofanana kila raundi ikiisha. Nyasi zimekauka, grini (zile nyasi fupi zinazozunguka shimo) hazieleweki, banka (mashimo ya mchanga) zimejaa kokoto, mpira umekaa juu ya mzizi, fimbo inateleza mkononi kwa jasho. Nimeyasikia kwenye meza ya chai miaka yote niliyocheza, na mengi nimeyasema mwenyewe kwa uchungu, kwa sababu raundi moja ni gharama: ada ya uwanja, malipo ya kedi anayebeba mfuko, mipira, na asubuhi nzima ya Jumamosi uliyoinyima familia. Mengi kati ya hayo nimeshayamaliza bila kuhama uwanja wala kununua seti mpya. Naandika zaidi kwa ajili ya kina dada wenzangu, maana vifaa vingi vinavyotufikia vilitengenezwa kwa mwili wa mtu mwingine kabisa, ila na kina kaka watajikuta humu.

Nianze na fimbo, kwani huko ndiko nilikopata nafuu kubwa zaidi.

Seti yangu ni ya mtumba, kama ya wengi. Ilitoka Ulaya, na kwa urefu wake mwenyewe wa kwanza alikuwa mwanaume mrefu. Mipini ilikuwa ya chuma, mizito na migumu, na draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza, ilikuwa na uso wenye mwinamo wa nyuzi 9 tu. Draiva ya namna hiyo inamfaa mtu mwenye kasi kubwa ya kuzungusha fimbo. Kasi ikiwa ndogo, mpira unatoka chini chini, haukai hewani, na kwa sisi tunaotumia mkono wa kulia mara nyingi unakimbilia kulia. Unaporudi nyumbani unadhani tatizo ni mwili wako. Kochi mmoja aliyeniona nikihangaika aliniambia, "Dada, mkono wako mzuri tu. Hiyo fimbo siyo ya kwako." Akanipa fimbo iitwayo mbao namba 5, fupi kuliko draiva na yenye uso uliolala zaidi, mpini wake mwepesi, unaopinda kidogo ukiushika kwa mikono miwili. Mpira wa kwanza ulipanda, wa pili ukapanda zaidi. Draiva ile niliiuza wiki iliyofuata.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo ambao wenzangu hawaupendi: usinunue seti nzima. Kanuni zinaweka kikomo cha fimbo 14 kwenye mfuko, lakini hakuna kanuni inayosema lazima zifike 14. Mimi nilitoa aironi (fimbo za kichwa chembamba cha chuma) zote ndefu, zile namba 3 na 4 ambazo hata wanaume wengi wa ridhaa hawazimudu, nikaweka haibridi moja, fimbo iliyo kati ya mbao na aironi, mahali pake. Mfuko ukawa mwepesi, kedi akashukuru, na nikaacha kusimama nikiwaza kati ya fimbo mbili ambazo kwa kasi yangu zinapeleka mpira umbali uleule.

Halafu kuna mshikio. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu watu wanatumia mamilioni kwenye fimbo mpya wakati tatizo lao ni raba ya mshikio. Joto la pwani, jasho, na ule mtindo wa kuacha mfuko kwenye buti la gari siku nzima huikausha raba mpaka inang'aa kama kioo. Mshikio ukishateleza, unabana vidole bila kujua, mkono wote hadi begani unakakamaa, na uso wa fimbo haurudi pale unapotakiwa kuupiga mpira. Dawa ya kwanza ni bure: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, brashi laini, kisha unafuta na kuanika kivulini. Ukiona bado unang'aa, pitisha msasa laini taratibu. Hilo lilinisogeza miezi kadhaa.

Raba ilipoanza kupasuka, kedi mmoja mzoefu, ambaye pia ni fundi, alinibadilishia zote nyuma ya banda lao nikiwa nimekaa pembeni yake. Alichana raba ya zamani kwa kisu cha kukatia zulia, akikata kuelekea mbali na mwili wake. Chini yake tulikuta matabaka na matabaka ya utepe, kwa sababu mwenye fimbo wa kwanza alikuwa na viganja vikubwa na alitaka mshikio mnene. "Ndiyo maana mama ulikuwa unashika kama umeshika mchi," akaniambia. Aliubandua utepe wote, akasafisha mpini hadi chuma kikaonekana, kisha akazungushia tabaka moja tu la utepe unaonata pande zote mbili. Akaziba kile kitundu cha mwisho wa raba mpya kwa tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, akamimina petroli kidogo ndani, akaitikisa, akaimwaga juu ya utepe ili uwe na utelezi, halafu akaisukuma raba mpaka mwisho kwa mwendo mmoja. Ukisita katikati, inaganda hapo hapo na umeipoteza. Akaweka fimbo chini, akalinganisha alama ya raba na uso wa fimbo, akasema nisiiguse hadi kesho yake. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na moto na sigara. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko fimbo moja ya mtumba, na kwangu ilikuwa na faida kuliko kitu chochote nilichowahi kununua kwa ajili ya mchezo huu.

Glovu ni suala dogo: beba mbili, badilisha ikilowa, ning'iniza iliyolowa nje ya mfuko. Mipira nayo nanunua ile iliyookotwa, kutoka kwa makedi, nikichagua isiyo na mikwaruzo ya kushika ukucha. Ninatumia aina moja raundi nzima, kwa sababu ukichanganya laini na mgumu hutajua lini kosa ni lako kwenye grini na lini ni la mpira.

Sasa uwanja. Uwanja wetu hauna pesa nyingi, na siulaumu. Una wafanyakazi wachache, maji ya shida wakati wa kiangazi, na njia za miguu ambazo watu wamepita tangu zamani. Kilichonisaidia hapa ni kitabu cha kanuni, basi. R&A ya Uskoti na USGA ya Marekani, vyombo vinavyosimamia kanuni za gofu, walizifanyia kanuni mabadiliko makubwa mwaka 2019, na mengi kati ya mabadiliko hayo yanamsaidia hasa mtu anayecheza kwenye viwanja kama vyetu. Kanuni hizo zipo bure kwenye simu. Hata hivyo ninaona watu wakipiga mpira ulioingia kwenye shimo la panya buku, wakaumia kiganja, wakaharibu fimbo, wakati wana haki ya kuutoa bila adhabu.

Shimo lililochimbwa na mnyama, maji ya mvua yaliyotuama, eneo lililowekewa alama kwamba linatengenezwa, njia ya saruji, bomba la kumwagilia: hayo yote yanakupa nafuu ya bure. Unatafuta sehemu ya karibu ambapo kikwazo hakikusumbui tena, bila kulisogelea shimo la bendera, unapima urefu wa fimbo moja, unadondosha mpira kutoka usawa wa goti. Kichuguu kidogo cha sisimizi unaweza kukiondoa kwa mkono. Siafu je? Kanuni ina kipengele cha wanyama hatari, na inataja wazi nyoka wenye sumu, nyuki na chungu wakali; kundi la siafu limo humo. Hulazimiki kusimama juu yao kwa ajili ya mkwaju mmoja.

Na kunguru! Wale wenye shingo ya kijivu, ambao asili yao ni Bara Hindi na waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, wanaiba mipira mchana kweupe. Ukiwa na uhakika kwamba kunguru ndiye aliyechukua, mfano wewe au kedi mmemwona, unaweka mpira mwingine pale ulipokuwa na huna adhabu yoyote. Usipokuwa na uhakika ni mpira uliopotea, na siku hizi muda wa kutafuta ni dakika 3, si 5 tena. Kwa hiyo kwenye mashimo, yaani vipande vya uwanja, ambako kunguru wamezoea, kedi wangu hutangulia mbele kabla sijapiga. Hilo peke yake limeniokolea mikwaju mingi.

Masika yakianza, mpira uliozama kwenye tope nje ya banka na grini unautoa bure, unaufuta, unaudondosha. Watu wengi bado wanadhani nafuu hiyo ni ya kwenye feawei tu, ile njia ya nyasi zilizokatwa. Kamati pia inaweza kutangaza sheria ya siku ya kuinua, kusafisha na kuweka mpira, na mimi hupita ofisini kuuliza kabla sijaanza.

Kwenye banka ndiko nilikoteseka kwa muda mrefu. Kokoto na majani sasa unaruhusiwa kuyaondoa, mradi mpira usisogee. Nyayo za watu wasiosawazisha mchanga hazina nafuu, na hilo linaniudhi hadi leo, kwa sababu reki ipo hatua chache tu kutoka pale walipotoka. Lakini tatizo kubwa la banka za pwani ni mchanga unaogandamana baada ya mvua ukawa kama sakafu. Weji ya mchanga, fimbo fupi ya kutolea mpira bankani, ina kitako kinene kilichotengenezwa kwa mchanga laini, na kwenye mchanga mgumu kinadunda na kuupiga mpira katikati, ukaruka hadi upande wa pili wa grini. Sasa nakanyaga kwanza nikiwa naweka miguu. Nikihisi ugumu chini ya soli, natumia weji ya kawaida yenye kitako chembamba, nasogeza mpira nyuma kidogo, nachota mchanga kidogo. Na kama ukingo ni mrefu kiasi cha kutotoka kabisa, kanuni inakuruhusu kutoka nje ya banka kwa adhabu ya mikwaju 2, kwa kurudi nyuma ukiwa kwenye mstari na bendera. Mikwaju 2 inauma, lakini nimeona watu wakipiga mara nne humo ndani.

Grini zetu ni za nyasi ngumu zenye mlalo. Ukisimama nyuma ya mpira na nyasi zikang'aa, zinalalia kule unakoenda na mpira utakimbia. Zikiwa na rangi nzito, zinakuja dhidi yako na lazima upige kwa nguvu zaidi. Kama huna uhakika, tazama mdomo wa shimo lenyewe, lile duara la milimita 108: upande uliochakaa na kumomonyoka ndio nyasi zinakoelekea. Alinifundisha mtunza nyasi wetu. Yeye huyohuyo ndiye aliyenieleza kwa nini wanatoboa grini na kumwaga mchanga, jambo ambalo wachezaji wote hulalamikia. Miguu yetu inagandamiza udongo, mizizi inakosa hewa, na maji ya masika yanakaa juu badala ya kushuka. Bila kutoboa, baada ya muda hakuna grini. Tangu anieleze, wiki hizo naenda kufanya mazoezi ya mipira mirefu tu. Alama za viatu na mashimo ya mipira kwenye grini unaruhusiwa kurekebisha kabla ya kuputi, yaani kuusukuma mpira kuelekea shimoni, isipokuwa yale matundu ya kutobolea.

Ukisafiri, mambo hubadilika. Nilipokwenda kucheza Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, mpira ambao pwani ungeanguka mbele ya grini ulipita juu yake, kwa sababu hewa kule ni nyepesi. Tumia fimbo fupi zaidi kwa hatua moja mpaka uzoee. Na sisi wa pwani tukirudi tunakutana na kusi, inayopunguza kila kitu upigacho ukielekea kusini.

Wanaokata tamaa kwa raundi moja mbaya niwakumbushe kwamba mfumo wa handikapu, yaani kipimo cha uwezo wa mchezaji, unaotumika duniani tangu 2020 unachukua raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho. Raundi ya siku ya upepo na matope haikuangamizi.

Kilichobaki kwangu ni mizizi ya miti. Huo ni ugumu wa asili, kanuni ya kawaida haitoi nafuu, na mimi siko tayari kuvunja kifundo cha mkono. Mpira ukikaa juu ya mzizi natangaza hauchezeki, nachukua adhabu ya mkwaju mmoja na kudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili. Ila kuna sheria ya mfano ambayo kamati ya uwanja wowote inaweza kuipitisha, inayotoa nafuu ya bure kwa mizizi iliyojitokeza karibu na feawei. Tumeandika barua kwa kamati yetu, wachezaji wa kike na wa kiume pamoja, tukaambatanisha picha za mashimo matatu yenye mizizi mibaya zaidi. Ombi liko kwenye ajenda ya kikao kijacho. Kama uwanja wenu una tatizo hilohilo, muulizeni katibu wenu sheria hiyo; imo kwenye mwongozo wa kamati, na kuipitisha hakugharimu chochote.