Siku ya Pichesi na Viraka

Jumamosi. Mvua imetupumzisha.

Tangu Krismasi hapa Uyole hatujaanika nguo zikakauka siku hiyohiyo. Leo nimeamka nikakuta mwanga wa njano umelala ukutani, nikatoka nje na kanga begani, na safu ya milima ya Mbeya ilikuwa wazi mpaka vileleni, haina hata kilemba cha wingu. Watu wa pwani wakisema kiangazi, wanasema joto. Sisi huku kiangazi chetu kina baridi ya Juni inayouma masikio, na jua la kuota tunapewa kwa vipande katikati ya masika, siku moja leo, nusu siku wiki ijayo. Siku kama hii huiachi ikakuponyoka.

Saa tatu mama akashuka kwenye Costa kutoka Isongole na ndoo ya lita kumi imefunikwa kitenge. Sikuhitaji kuuliza. Harufu ilitangulia getini.

Pichesi zetu hazifanani na zile kubwa za kwenye kalenda. Ni ndogo, nyingi hazizidi yai la kuku wa kienyeji, zina vinyweleo laini, kijani upande mmoja na wekundu upande ulioona jua, nyama yake nyeupe na imeng'ang'ania kokwa. Lakini ukiinua hicho kitenge, nyumba nzima inanukia asali na majani mabichi. Na zote huiva kwa mpigo. Mama husema mti haujui kugawa kwa awamu. Wiki mbili, tatu, mti umeinama. Watoto wanakula mpaka wanachoka, wanaanza kurushiana. Zinazobaki zinaoza chini, nyuki na nzi wanagawana. Kisha mwezi wa tano mtu wa mlima uleule anaingia dukani kununua chupa ya jamu iliyosafirishwa kutoka nje ya nchi. Jambo hili linaniuma kila mwaka, na kila mwaka nasema nitaokoa nyingi zaidi ya mwaka jana. Leo nimeokoa ndoo moja.

Tulikaa barazani watatu, mama, mimi na binti yangu, ambaye Jumatatu ya wiki ijayo anaripoti kidato cha kwanza, bweni, mkoani Njombe. Pichesi tulizichovya kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha moja kwa moja kwenye maji ya baridi. Ganda linavuka lenyewe kama soksi ya mtoto. Tukakata, tukatoa kokwa, tukatupa zilizoliwa na wadudu. Ndoo yote ikatoa kilo nne za nyama safi. Mama alichagua makusudi chache ambazo hazijaiva sawasawa akazichanganya humo. Hakusoma kitabu chochote cha mapishi, lakini yuko sahihi: kinachoifanya jamu ishikane ni pektini, na tunda bichi linayo nyingi kuliko lililoiva. Pichesi kwa asili zina kidogo, ndiyo maana tuliongeza na maji ya malimao manne. Sukari kilo tatu. Yote kwenye beseni, tukafunika, tukaacha.

Hapo ndipo utamu wa siku ulipo. Sukari inahitaji saa mbili hivi kuyavuta maji ya tunda, na saa hizo huna la kufanya jikoni. Tukatandika mkeka, tukautoa mfarishi, blanketi la kushona kwa viraka.

Mfarishi huu nimeuhangaikia likizo nzima. Viraka 104, nane kwa kumi na tatu, kila kimoja nimekikata sentimita 17 ili kikishashonwa kibaki 15. Unatosha kitanda cha dabodeka na kubaki wa kujifungia miguuni. Maelekezo ya kujiunga na shule yanasema blanketi moja. Aliyeandika blanketi moja labda hajawahi kulala Njombe mwezi wa saba.

Kuviunganisha nilitumia cherehani. Leo ilikuwa kazi ya mkono: juu viraka, katikati blanketi kuukuu lililolainika kwa miaka, chini marekani. Tabaka tatu hizo unazishika kwanza kwa pini na bandi kubwakubwa kuanzia katikati ukielekea pembeni, maana ukianzia pembeni nguo inakusanyika katikati na hutaiondoa tena. Baada ya hapo ndipo unapiga bandi ndogo, sindano inashuka mpaka chini na kurudi juu, mstari kwa mstari. Mama upande wake, mimi upande wangu. Yeye havai subana. Ncha ya kidole chake cha kati imekuwa ngumu kama kwato, anaisukuma sindano kana kwamba anabonyeza ugali.

Kazi hii ya viraka niliipenda siku nilipopita Iringa nikaingia Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana mwaka 2003 kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Pale niliona vipande vya vitenge ambavyo fundi mwingine angefutia mashine vimepangwa mpaka unasimama kuvitazama. Nikarudi nyumbani nikaanza kuomba masalia kwa mafundi wa mtaani. Mfarishi wa kwanza uliniharibikia: sikuloweka vitenge, ulipofuliwa mara ya kwanza nyekundu ikatoka ikalipaka kila kiraka cheupe. Nililia kweli. Sasa naloweka kila kipande, namwaga, naloweka tena, mpaka maji yabaki meupe, ndipo nashika mkasi.

Katika huu wa binti yangu kuna vitu vingi ninavyovijua kwa majina. Sare yake ya darasa la kwanza, ile bluu. Kitenge nilichovaa siku ya ubatizo wake. Shati jeupe la baba yake la kazini, kola ilikwisha lakini mgongo ulikuwa mzima. Na kanga ya mama, iliyochanika katikati. Pindo lake lilikuwa na maneno MUNGU AKUJALIE SAFARI NJEMA, nami nilipokata kwa vipimo vyangu nikapata kiraka chenye SAFARI peke yake. Nilifurahi sana. Kisha nikakishona, mshono ukala herufi ya mwisho. Imebaki SAFAR. Nilitaka kufumua, lakini nilikuwa nimeshaunganisha safu nne.

Binti yeye alikuwa na kazi yake. Shule inataka kila nguo na kila shuka liwe na alama ya mwenyewe. Wengi wanaandika kwa kalamu ya wino usiofutika, nikamwambia tudarizi. Uzi wa kudarizia una nyuzi sita ndani yake. Unakata urefu wa mkono, unazitenganisha, unatumia mbili au tatu. Nikamwonyesha mshono wa mnyororo: toa sindano, laza uzi kitanzi ukiushika kwa kidole gumba, irudishe sindano palepale ilipotokea, itoe mbele kidogo ndani ya kitanzi, vuta. Usivute kwa nguvu, kitambaa kitajikunja. Herufi yake ya kwanza ilitoka imelegea mguu mmoja. Akashika mkasi.

"Mke mwenzangu, usifumue," mama akamwambia. Ndivyo anavyomwita tangu yuko tumboni.

"Bibi, imepinda."

"Ndiyo. Nani mwingine bwenini atakuwa na iliyopinda hivyo? Hilo shuka haliibwi."

Akacheka, akaendelea. Shuka la pili herufi zilikuwa zimenyooka, na nikaona anaitazama ile ya kwanza kwa namna nyingine.

Mimi nilipochoka bandi nilihamia kona moja ya mfarishi, nadarizi ua. Ni lile refu la Kitulo, rangi ya chungwa inayoungua, linasimama nyasini kama mwenge. Tulipelekwa Kitulo nikiwa msichana, kabla pale hapajawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na mpaka leo nikifumba macho naona ile nyika ya juu imefunikwa maua hadi upeo. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na sijasikia jina lililopatia zaidi. Inasikitisha kwamba kuna okidi za nyanda hizi zinazong'olewa na viazi vyake kusafirishwa Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo. Mtu akila kiazi cha okidi amekula na ua la mwakani. Nilimweleza binti yangu hayo huku nashona, akanyamaza, kisha akauliza kama kutoka shuleni kwake mtu anaweza kufika Kitulo. Nikasema anaweza, kwa kupitia Makete, barabara ni ndefu lakini inafika.

Saa nane beseni lilikuwa limejaa maji ya rangi ya waridi. Tukayapika kwa mafungu mawili, maana sufuria ikijaa sana tunda linachemka muda mrefu bila kushika, linageuka kahawia na harufu inakwisha. Jiko la mkaa, moto wa nguvu, mwiko hauachi kuzunguka. Povu linapanda, unaliengua. Baadaye mlio unabadilika, kutoka kuchemka kwa maji kunakuwa kule kuchemka kuzito, kama uji wa ulezi unaokaribia kuiva. Hapo unadondosha tone kwenye sahani iliyopoa na kulisukuma kwa kidole. Likiwa bado, linatiririka. Likiwa tayari, linajikunja ngozi. Fungu la kwanza tulilidondosha mara tatu. La pili mama alisikiliza tu, akasema ipua, nikajaribu sahani kwa ukaidi wangu. Ilijikunja.

Chupa zilikuwa zimeshachemshwa, tukajaza moto kwa moto, tukafunga, tukazirudisha kwenye maji yanayochemka dakika kumi. Wanaoishi pwani wanaweza kuchemsha tano. Huku juu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, hapa kwetu ni kama 94, kwa hiyo inabidi uyaongezee muda yamalize kazi. Huko Isongole kwa mama, juu zaidi, mimi ningehesabu kumi na tano.

Chupa kumi na moja, na kikombe kimoja tulichokimaliza palepale na mkate, tukiwa tumesimama.

Jioni wingu likarudi na mvua ikaanza kwenye bati. Tulikaa sebuleni tukisikiliza vifuniko vikijivuta ndani kimoja kimoja vinavyopoa: tak. Kimya. Tak. Mama akihesabu kwa vidole. Cha kumi na moja kilichelewa mpaka tukaanza kukizungumzia, ndipo kikalia.

Nimekwenda kukunja mfarishi niuweke juu ya tranka. Binti amekwisha lala. Kwenye shati jeupe la baba yake, kiraka kilichopakana na kanga ya bibi yake, kuna mstari mmoja mfupi wa uzi mweusi, mshono wa mnyororo, umesimama wima pembeni ya ile R. Nimeupitisha kidole. Vitanzi saba. Herufi I.