Nilivyofungasha begi Mtwara kwenda kwenye baridi ya Alaska

Mimi ni mtu wa Mtwara mjini, na huku kwetu baridi ni ile kusi ya mwezi wa saba, usiku nyuzi 20 hivi na tunalalamika kabisa. Sasa mdogo wangu anaishi Seattle, Marekani, akanipigia akaniambia dada jiandae, mwezi wa sita tunapanda meli ya kitalii siku saba kwenda Alaska na nafasi nshalipia. Yani furaha niliyokuwa nayo siwezi kuielezea, ila usiku uleule nikaanza kuwaza huko nitavaa nini, maana kabati langu lote ni madera, khanga na vitenge.

Nilichokuwa nakitaka ni koti moja zito sana, lile la manyoya manyoya, nikajua nikilipata hilo nimemaliza. Kabla sijanunua nikaenda Mikindani kumsalimia mjomba wangu, yeye ni mvuvi, analala baharini miaka yote. Nikamwambia habari ya koti akaniuliza, likilowa je? Akasema, "Mpwa wangu, mimi usiku navaa sweta kuukuu tu, ila juu yake naweka koti la mvua. Upepo usipoingia na maji yasipoingia, sweta linatosha." Maneno hayo ndo yalipanga begi langu lote.

Nikaanza kuzunguka mitumba. Jamani, watu wa Mtwara tuna bahati tusiyoijua, nguo za baridi zipo kwenye mabalo na huku hazina mteja, muuzaji anakuuzia kwa bei anayotaka aondokane nayo. Nilipata masweta mawili ya sufu kwa elfu tano tano, fulana mbili za kubana za mikono mirefu, suruali nyepesi zile za kitambaa cha michezo, glavu, mzula, na jaketi jembamba la mvua lenye kofia kwa elfu kumi na tano. Hilo jaketi nililijaribu palepale, nikaomba maji ya kunywa nikamwagia kwenye mkono wake nikasubiri, kisha nikaweka mdomo kwenye kitambaa nikapuliza, pumzi haikupita, nikalipa. Angalieni na mishono kwa ndani, kama ina utepe uliogandishwa juu yake ndo maji hayapenyi.

Kwenye ndege niliruhusiwa begi la kilo 23 tu kuanzia Mtwara, kwahiyo vile vizito nilivaa njiani. Khanga nilibeba nne na sijutii hata moja, ilikuwa mtandio, shuka, taulo, na usiku nafunika macho maana huko mwezi wa sita jua linazama saa nne usiku na saa kumi alfajiri limeshatoka tena.

Kwenye mkoba wa mkononi nikaweka dawa zangu za presha, sweta moja na karatasi zote. Hapa naomba msikilize vizuri. Meli nyingi za hizo safari hazijasajiliwa Marekani, na sheria ya Marekani inazitaka ziguse bandari ya nchi nyingine kabla ya kurudi, kwahiyo zikitoka Seattle zinapita Victoria, Kanada. Mtanzania unatakiwa uwe na viza ya Kanada pia, na ile ya Marekani iwe inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Mdogo wangu aliligundua hilo mapema, bila hivyo tungerudishwa bandarini. Na begi kubwa ukilikabidhi bandarini unaweza usilione mpaka jioni linapoletwa kabini, ndo maana dawa usiziachie humo. Pasi ya kunyooshea usibebe, wataichukua.

Sasa siku tuliyoshuka Juneau, mji mkuu wa Alaska, nilikosea. Asubuhi jua zuri kabisa, nikavaa jinzi na raba za kitambaa nikaenda kuangalia Mendenhall, lile bonge la barafu linaloshuka kutoka milimani. Kufika kule wingu likashuka, mvua nyembamba isiyokata, juu nilikuwa mkavu kabisa ila kuanzia kiunoni nimelowa chapachapa. Ile jinzi niliianika kabini siku mbili haikukauka. Zile suruali nyepesi za mitumba nikizifua usiku asubuhi kavu. Kuanzia hapo jinzi sikuigusa tena, na Ketchikan, mji mwingine wa bandari huko Alaska, nilishuka nimejipanga, maana pale inanyesha zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka na sisi Mtwara ni kama 1,000 tu. Watu wa pale wanatembea kwenye mvua bila miavuli wala haraka, buti za mpira miguuni.

Siku ya Glacier Bay, ghuba yenye milima ya barafu, ndo siku ambayo hata nikizeeka sitaisahau. Meli haitii nanga, inaingia polepole mpaka mbele ya ukuta wa barafu, upepo unashuka kutoka kwenye barafu unakupiga usoni. Nilivaa fulana ya kubana, masweta yote mawili, jaketi la mvua, mzula na glavu, khanga nimezungusha shingoni, nikasimama nje zaidi ya saa mbili wakati wenye makoti mazito ya pamba wanaingia ndani wanatoka. Barafu ikimeguka inaunguruma kama radi. Nikatoa sauti ya Allahu akbar bila kujua, mdogo wangu akanishika mkono tukawa tunalia wote.

Jaketi nilirudi nalo nikampelekea mjomba Mikindani. Mikono imemfupia kidogo, lakini kusi ikianza analivaa kila akienda kuvua usiku.