Programu inasema jua kali, ng'ambo haionekani

Kuanzia katikati ya Juni hadi mvua za kwanza za Septemba au Oktoba, mtu aliyesimama ufukweni Bujumbura anaweza kumaliza siku kadhaa mfululizo bila kuiona milima ya Uvira, nayo iko hapo ng'ambo tu, kilomita 20 na ushei. Mbingu haina wingu. Simu inaonyesha picha ya jua na mvua asilimia sifuri. Uwanja wa ndege unatangaza umbali wa kuona wa kilomita 10 au zaidi. Kigoma mambo ni hayo hayo, na Kigali vilevile. Utabiri wote huo waweza kuwa sahihi kabisa na bado usikwambie hata neno moja kuhusu kitu kikubwa kuliko vyote kilichopo angani siku hiyo.

Kitu chenyewe ni ukungu mkavu: si matone ya maji bali chembe za moshi, nyingi zikiwa chini ya mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), zinazoutawanya mwanga hadi mlima upoteze rangi yake na kufanana na mbingu iliyo nyuma yake. Takriban asilimia 70 ya ardhi inayoungua duniani kila mwaka iko Afrika, na moto huo una ratiba. Kaskazini mwa Ikweta, yaani Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati na kaskazini mwa Kongo, msimu ni Novemba hadi Februari. Kusini, kwenye miombo ya Tanzania magharibi, Katanga, Zambia na Angola, ni Juni hadi Oktoba. Kigali na Kampala ziko katikati, kwa hiyo hupokea moshi mara mbili kwa mwaka, kutoka pande mbili tofauti. Ukanda wa Ziwa Tanganyika huumia zaidi katika kiangazi cha kati ya mwaka.

Moshi huo haupandi ukapotea. Wakati wa kiangazi hewa ya juu inashuka polepole, na kadiri inavyoshuka inapata joto, hadi inakuwa na joto kuliko hewa iliyo chini yake. Hapo inakaa kama kifuniko cha sufuria. Ndani ya Bonde la Ufa, lenye kuta za milima pande zote mbili, hata upepo wa pembeni hausaidii sana.

Sasa kwa nini utabiri hauoni? Sababu ya kwanza ni ya kiofisi. Taasisi za hali ya hewa kama TMA ya Tanzania, IGEBU ya Burundi na Meteo Rwanda hufuata viwango vya kimataifa, na taarifa ya uwanja wa ndege, ile METAR, iliandikwa kwa ajili ya marubani. Umbali wa kuona ukifika kilomita 10 na kuendelea, huandikwa 9999, na hakuna tofauti kati ya 11 na 80. Alama ya ukungu mkavu ni HZ na ya moshi ni FU, lakini zote mbili huwekwa pale tu umbali unaposhuka hadi mita 5,000 au chini ya hapo. Kati ya kilomita 5 na 10 namba hutajwa bila sababu yake. Linaloudhi zaidi ni neno CAVOK: rubani akilisikia anaelewa kwamba anaona kilomita 10 au zaidi, hakuna wingu la kumsumbua, hakuna hali mbaya. Siku ambayo milima ya Uvira imetoweka inaweza kutangazwa CAVOK, na aliyeitangaza hajakosea kanuni hata moja.

Sababu ya pili imo ndani ya kompyuta. Modeli kuu ya kituo cha Ulaya cha ECMWF, ambayo utabiri mwingi wa kwenye simu hutokana nayo, haifuatilii moshi wa leo. Inatumia wastani wa chembe wa kila mwezi. Inajua kwamba Agosti huku kwetu huwa na moshi. Haijui kwamba wiki hii moshi umekuwa mara tatu ya kawaida. Ndiyo maana siku za moshi mzito joto la mchana huweza kushindwa kufikia lile lililotabiriwa, kwa nyuzi moja au mbili, kwa kuwa sehemu ya jua haikufika ardhini. Na ile picha ya jua kwenye simu huchaguliwa kwa kuangalia wingu, mvua, radi, na pengine ukungu wa maji, ambao hukadiriwa kutokana na unyevu. Moshi kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hauna pa kuingilia katika hesabu hiyo.

Si lazima iwe hivyo. Singapore, ambako moshi wa mioto ya Indonesia umeshawafunza watu adabu, hali ya ukungu mkavu hutangazwa pamoja na mvua na joto, na nchi za ASEAN, jumuiya ya Asia ya Kusini-Mashariki, zilitia saini mkataba wa moshi unaovuka mipaka mwaka 2002. Sisi bado tunauchukulia kama sehemu ya mandhari.

Sasa namba, maana bila namba haya ni manung'uniko. Ukijua umbali wa mwisho unaoweza kuona, unaweza kukisia kiasi cha chembe za PM2.5, zile zisizozidi mikroni 2.5: gawanya 850 kwa kilomita hizo, jibu ni mikrogramu kwa kila mita ya ujazo. Kanuni hii inatokana na mlinganyo wa Koschmieder, kwamba umbali wa kuona ni 3.9 gawanya kwa kiwango ambacho hewa inazuia mwanga kwa kila kilomita, pamoja na makadirio kwamba gramu moja ya moshi mkavu huzuia mwanga wa eneo la mita za mraba 4 hadi 5. Ni makisio; kosa la theluthi moja juu au chini ni la kawaida. Lakini tazama kinachotokea. Milima ya Uvira inapoanza kupotea, kwenye kilomita 24 hivi, umeshafika mikrogramu 35. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa saa 24 usizidi 15. Kilomita 10, pale 9999 inapokoma, ni mikrogramu 85. Kilomita 5, pale HZ inaporuhusiwa kuandikwa, ni 170. Kwa maneno mengine, hewa inaweza kuzidi kiwango cha afya mara tano na taarifa ya uwanja ikabaki safi kabisa.

Kanuni hiyo ina masharti. Unyevu ukipita asilimia 70 au 80, chembe hunywa maji na kuvimba, hivyo umbali hupungua hata kama moshi haujaongezeka, na kanuni itakupa namba kubwa kupita kiasi. Itumie alasiri, hewa ikiwa kavu. Kitu unachokitazama kiwe cheusi au cha kijani kilichokolea, kikubwa, na nyuma yake kuwe na mbingu. Ukuta mweupe au mteremko unaopigwa na jua haufai. Usitazame kuelekea jua, kwa sababu chembe za moshi hutupa mwanga mwingi kwenda mbele na utaona karibu kuliko hali halisi. Chagua alama tano, tuseme za kilomita 2, 5, 10, 20 na 40, pima umbali wake kwenye Google Earth, ziandike, kisha kila siku weka tiki kwenye ile ya mwisho unayoiona. Ukipiga picha kwa kumbukumbu, zima HDR, ile ya simu kuchanganya picha kadhaa kuwa moja, na funga mwanga wa kamera usijirekebishe. Simu za sasa husafisha ukungu zenyewe, na picha ya siku mbaya inatoka nzuri kuliko ya siku njema.

Angalia mara mbili: saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Hapa ndipo unapotofautisha moshi wa mtaani na moshi wa safari. Moshi wa mkaa, wa taka na wa magari hulala chini usiku pamoja na hewa baridi, kisha jua likishapasha ardhi, kwenye saa 4 au 5 asubuhi, huchanganyika na kupungua. Moshi uliotoka mbali haufanyi hivyo. Mara nyingine mchana ndio unazidi, kwa sababu ulikuwa umepita usiku juu ya vichwa vyetu, na mchanganyiko wa hewa ya mchana ndio unaoushusha. Asubuhi mbaya na alasiri njema, lawama ni za mtaa. Zote mbili mbaya, tafuta moto upande unakotoka upepo. (Goma mna mgeni wa tatu, gesi ya salfa ya volkano, ambayo nayo hutengeneza chembe, kwenu hesabu hii haitoshi.)

Kutafuta moto wenyewe si kazi ngumu. Fungua jioni FIRMS, tovuti ya NASA ya ramani za moto, chagua saa 24 zilizopita na chombo cha setilaiti cha VIIRS, kinachoona kwa hatua za mita 375 na kupita kwetu mchana mapema. Usihesabu nukta zote za Afrika, utachanganyikiwa. Angalia kundi lililo kilomita 200 hadi 1,000 upande wa upepo. Upepo wenyewe usome wa juu, si wa ardhini. Kigoma na Bujumbura, ambako ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, tumia ramani ya upepo ya hektopaskali 850, yaani kimo cha mita 1,500. Kigali yenyewe iko kwenye kimo hicho, kwa hiyo panda hadi ramani ya 700, mita 3,000 hivi. Kosa la kawaida ni kusoma upepo wa mita 10 kutoka ardhini, ambao kando ya ziwa ni upepo wa nchi kavu usiku na upepo wa ziwa mchana, na hausemi lolote kuhusu safari ya moshi. Halafu piga hesabu: upepo wa kusini-mashariki wa kilomita 20 kwa saa huleta moshi wa Katavi hadi Kigoma ndani ya nusu siku. Upepo ukiwa wa kilomita 8 kwa saa, moshi unazeeka njiani na kutawanyika, unafika kama utando mweupe usio na harufu. Moshi usionuka si moshi uliokwisha.

Baada ya hapo ndipo utazame utabiri wa moshi, ambao upo na ni bure: CAMS, utabiri wa hewa wa mpango wa Ulaya wa Copernicus, hutoka mara mbili kwa siku na kwenda siku tano mbele. Programu ya Windy inauonyesha kwenye safu za PM2.5 na erosoli. Zitofautishe. Erosoli ni jumla ya chembe zote kutoka ardhini hadi juu, PM2.5 ni ya hewa unayoivuta. Erosoli kubwa na PM2.5 ndogo maana yake moshi unapita juu. Upe siku moja, unaweza kushuka.

Usiiamini CAMS kwa namba zake, iamini kwa mwelekeo. Inaanza na moto ulioonwa na setilaiti, na mioto midogo ya mashamba, au iliyo chini ya wingu, huponyoka. Ikitabiri mbele inadhani moto wa leo utaendelea kuungua, jambo ambalo kwa moto wa nyasi si kweli hata kidogo. Na inagawa ramani katika miraba ya kilomita 40 hivi: tambarare ya Imbo, kando ya ziwa, na milima inayopanda juu ya mita 2,000 mashariki ya Bujumbura zinaingia karibu katika mraba mmoja, kwa hiyo ardhi inakuwa ya kimo cha kati na moshi unawekwa mahali usipokuwepo. Ikisema kesho ni maradufu ya leo, sikiliza. Ikisema kesho ni 42, tabasamu.

Vifaa vya bei nafuu vya kupima chembe vinasaidia kusahihisha. AirQo ya Chuo Kikuu cha Makerere imevifunga Kampala na miji mingine. Hupima kwa mwanga, kwa hiyo alfajiri yenye umande huzidisha, na vumbi kubwa la barabarani hulipunja. Kwa moshi mkavu wa alasiri viko vizuri.

Wanaolipa gharama kubwa ni marubani wa ndege ndogo na watu wa maboti. Kilomita 5 ndicho kiwango cha chini cha kuruka kwa macho chini ya futi 10,000, lakini juu ya Tanganyika, hata ukiwa na kilomita 7 halali, maji na mbingu vinakuwa rangi moja na mstari wa upeo unapotea. Rubani asiyetazama vyombo anaweza kuinamisha ndege bila kujua. Taarifa ya uwanja ni ya usawa wa ardhi, haikuambii unachoona ukitazama chini kwa mshazari kutoka futi 9,000, wala ukielekea jua la jioni. Viwanja vya nyasi kama vya Mahale havina METAR ya kutegemea. Uliza aliyeko kule kama anauona mlima, na umbali gani. Kwa boti, ng'ambo hupotea kwanza, kisha ufuko ulioutoka, na katikati hakuna alama. Weka dira ya kawaida pamoja na GPS ya simu, na upande wa kurudi uandike kabla ya kuondoka.

Wenye sola wasihofu sana moshi wenyewe, kwa kuwa paneli hutumia pia mwanga uliotawanyika. Masizi na vumbi vinavyotua juu yake miezi mitatu bila mvua ndivyo vya kufutwa. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi, N95 inazuia ikibana vizuri usoni.

Kuhusu lini unaisha: manyunyu ya kwanza mjini kwako husafisha kwa saa chache tu kama Katavi na Katanga bado kunaungua. Tazama FIRMS, si wingu lililo juu ya paa lako. Nukta za upande wa upepo zikipungua siku tatu nne mfululizo na mvua ikaanza kunyesha huko, anza kuitafuta milima alasiri.