Vena iliyojificha kwa baridi

Mgonjwa wetu, mama mmoja, alikuwa mkaanga samaki pale Feri, mtu wa kusimama mbele ya karai tangu alfajiri. Mguu wake wa kushoto ulijaa mishipa iliyovimba na kujisokota, na ngozi ya kifundoni ilishaanza kuiva weusi. Tulimpima kwa ultrasaundi akiwa amesimama. Vena kubwa ya pajani, ile ya chini ya ngozi, ilikuwa na upana wa milimita 9, na tulipominya shavu la mguu na kuachia, damu ilirudi chini kwa sekunde 3. Ikizidi nusu sekunde tu, vali, vile vilango vya kuzuia damu isirudi, zimeshindwa kazi.

Siku ya matibabu, ya kuiziba vena hiyo kwa joto kutoka ndani, kiyoyozi kiliunguruma tangu asubuhi. Mama akasema, "Mwanangu, humu baridi mno." Nikamjibu, "Vumilia kidogo, mama, tunaanza sasa hivi." Lile lilikuwa kosa langu. Alipolala, vena ilishuka hadi milimita 3. Sindano ya kwanza, chini kidogo ya goti, ikapita pembeni, na kwenye skrini pakabaki kama uzi. Ukuta wa vena una msuli. Baridi, hofu na kuchomwa vyote huubana. Ukilazimisha kuchoma tena hapo hapo, damu huvilia na picha huharibika.

Tukazima kiyoyozi, tukamfunika khanga mbili, tukainamisha kitanda miguu ikawa chini. Tukangoja dakika 15. Vena ikajaa. Sindano ikaingia, ukafuata waya, kisha mrija, kisha katheta ya mawimbi ya redio, mpira mwembamba unaotoa joto. Ncha yake tuliiacha sentimita 2 kabla ya makutano ya kinenani na vena ya ndani, maana joto likifika huko linaweza kugandisha damu.

Kuanzia hapo mambo hugeuka: sasa tunataka vena ibane. Kitanda kikainamishwa upande wa kichwa. Ganzi tulichanganya hivi: chupa ya saline (maji ya chumvi) ya mililita 500, tukatoa 50, tukaweka 50 za lignokeini, dawa ya ganzi, ya asilimia 1 yenye adrenalini ya kubana mishipa, na 10 za baikaboneti ili isiwashe. Tukaizungushia vena yote mpaka ngozi ikawa mbali nayo kwa sentimita 1. Hapa sipendi haraka hata kidogo. Ganzi hii huzuia maumivu, lakini pia huikumbatisha vena kwenye katheta na kuilinda ngozi isiungue. Hatukushuka chini zaidi mguuni kwa sababu huko mshipa wa fahamu umeambatana na vena.

Joto lilikuwa nyuzi 120, sekunde 20 kwa kila kipande cha sentimita 7. Kile cha juu kabisa tulikipasha mara mbili.

Tukamvalisha soksi ya kubana, akashuka kitandani mwenyewe, akatembea ukumbini nusu saa. Kiyoyozi hakikuwashwa tena mpaka alipoondoka.