Dada Erisi na mwaka wa mgao

Kibanda cha Mjomba kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, Tandika. Mlangoni alitundika khanga mbili zilizoshonwa pamoja ili jua lisipige kwenye vioo vya TV. Ndani mlikuwa na TV tatu za inchi 14, PlayStation za kwanza kabisa, zile za kijivu, nazo tatu, mkeka, na feni iliyokuwa ikigeukia upande mmoja tu, upande wa Mjomba. TV mbili zilikuwa za mpira kutwa nzima. Ya tatu rangi zake zilikuwa zimeelemea kwenye kijani, wateja waliikimbia, na ndiyo maana nikaachiwa mimi.

Mwaka ni 2006. Niko darasa la sita, na umeme ni wa mgao. Mvua zilikuwa zimegoma, bwawa la Mtera maji yameshuka, na jijini tukawa tunaishi kwa ratiba: leo mtaa huu, kesho ule. Hata hiyo ratiba ilikuwa ya kuviziana. Wameandika saa 12, umeme unaondoka saa 10. Watu wa mpira hawakuumia sana, maana mechi ikikatika unagombana na Mjomba kuhusu shilingi 100 yako, basi, yameisha. Mimi yangu ilikuwa Final Fantasy VII, gemu ya hadithi, na hiyo huwezi kusevu popote unapojisikia. Ukiwa njiani kwenye ramani ya dunia, sawa. Ukishaingia pangoni au mjini, mpaka ukutane na kile kialama chake kinachoelea, na kinaweza kuwa mwendo wa saa nzima mbele.

Mjomba, ambaye hakuwa mjomba wa yeyote kati yetu, aliinunua Kariakoo akidhani amebahatisha. Kasha moja, CD 3. Akajua amepata gemu tatu kwa bei ya moja. Kumbe gemu ni moja, kubwa kiasi kwamba Wajapani wenyewe walipoitoa 1997 ilibidi waigawe. Wasela waliijaribu wakakuta maandishi matupu, mtu anaongea, mwingine anajibu, wakairudisha kwenye kasha. Mimi nilikuwa nimesoma inglishi midiamu miaka miwili kabla ada haijamshinda baba, nikarudishwa shule ya mtaani na Kiingereza changu nusu, kisicho na kazi. Siku moja Mjomba akaniita: "Dogo, wewe si unajua kizungu? Hebu soma hapa wanasemaje."

Nikasoma. Nikasema kuna kampuni kubwa ya umeme, inafyonza uhai wa dunia kutoka ardhini na kuugeuza umeme, na hawa jamaa wawili, mmoja ana panga pana kama mlango na mwingine mkono wake mmoja ni bunduki, wanakwenda kulipua mtambo wa kampuni hiyo.

"Kampuni ya umeme?" Mjomba akauliza.

"Ya umeme."

"Walipue."

Kuanzia siku hiyo nikawa silipi. Nilikuwa Lufufu Mdogo, kwa heshima ya yule bingwa wa kutafsiri filamu kwa Kiswahili ambaye kanda zake zilikuwa zikipigwa kwenye vibanda vya video mji mzima. Nilishika padi, nikasoma kimoyomoyo, nikatoa kwa Kiswahili na sauti juu. Watoto saba, nane, walikaa nyuma yangu na barafu zao za ubuyu. Cloud akawa Klaudi. Sephiroth, mwenye nywele nyeupe ndefu na upanga mrefu kumshinda yeye mwenyewe, akawa Sefu, na akina Sefu wote wa mtaa wakapata tabu. Zile duara za rangi zinazokupa uchawi ukizipachika kwenye silaha tuliziita gololi, maana ndivyo zilivyo. Na yule dada muuza maua, ambaye kwenye CD yetu jina lake liliandikwa Aeris, tulimwita Dada Erisi. Siku hizi wanaandika Aerith. Sijazoea.

Lazima nieleze habari ya nge, kwa sababu ndiyo iliyoniponza baadaye. Bosi wa kwanza kabisa, kwenye ule mtambo, ni nge wa chuma. Katikati ya pambano anainua mkia, na Klaudi anamwambia mwenzake kitu. Nilisoma mara mbili kuhakikisha: mshambulie akiwa ameinua mkia, atajibu kwa mionzi. Nikatafsiri hivyo hivyo. Tukamshambulia akiwa ameinua mkia. Akatuchoma na mionzi, tukafa. Tukarudia, tukafa tena. Mara ya tatu mtoto wa mama muuza mihogo, ambaye alikuwa darasa la pili na hajui hata kusoma Kiswahili vizuri, akasema, "Kaka, tusimpige akiinua." Tukasubiri mkia ushuke, tukampiga, tukatoboa. Kibanda kizima kikanicheka. Lufufu kachemka.

Nilibeba aibu hiyo miaka mingi, mpaka nilipokuja kujua, nimeshakuwa mtu mzima na mshahara wangu, kwamba tafsiri ya Kiingereza ndiyo iliyokosea. Ni kosa maarufu, wachezaji dunia nzima walichomwa na mionzi ile. Mimi nilisoma sawasawa kilichoandikwa. Natamani ningewakusanya wale watoto wote nikawaonyesha.

Basi, jioni yenyewe. Tulikuwa tumeshacheza miezi. Erisi ndiye aliyekuwa daktari wetu, wakati wenzake wanakata yeye anatibu, na watoto walikuwa wakichangia mawazo apewe fimbo gani, gololi gani. Kisha hadithi ikafika mahali akaondoka peke yake bila kutuaga vizuri, kwenda kaskazini kwenye mji wa wazee wake wa kale. Tukamfuata. Tulisevu kule kwenye kijiji cha mifupa, tukachimbiwa kinubi, tukavuka msitu wa usingizi, tukashuka chini kwenye mji wa kioo uliozungukwa na maji. Ilikuwa imeshapita saa 11.

Alikuwa amepiga magoti juu ya jukwaa, anasali. Kwa TV yetu gauni lake lilikuwa la kijivu. Kwamba ni la waridi nilikuja kuligundua ukubwani. Nikamsogeza Klaudi mpaka mbele yake. Hapo gemu ikanyamaza. Nikabonyeza, Klaudi akatikisika. Nikabonyeza tena, akachomoa lile panga, akaliinua juu ya kichwa cha Erisi. Wenzake wakampigia kelele, nami nikatafsiri kelele zao, Klaudi akajirudi nyuma. Erisi akafumbua macho, akamtazama, akatabasamu.

Sefu akashuka kutoka juu, upanga chini.

Hakuna aliyesema kitu. Utepe wa nywele zake ukafunguka, na gololi aliyokuwa akiificha humo, ile nyeupe, ikaanguka. Ikagonga ngazi ya kwanza. Ikadunda, ikagonga ya pili. Wote tuliokuwa kwenye ule mkeka tulikuwa tunacheza gololi barabarani kila siku, tunajua inavyodunda kwenye saruji, kila mdundo mfupi kuliko wa kwanza. Ikateleza ikaingia majini. Kinanda kikaanza kupiga.

"Mpe unyoya," Mjomba akasema. Alikuwa amesimama. "Dogo, mpe unyoya!"

Manyoya ya kufufulia tulikuwa nayo ishirini na kitu kwenye begi. Mtu akianguka vitani unampa moja anaamka, tulishafanya hivyo mara mia. Nikabonyeza kila kitufe. Begi halikufunguka. Sefu akaongea, akapaa, akatuachia lile dude lake la majini tupigane nalo, na muziki haukubadilika kuwa wa vita kama siku zote. Kile kinanda cha Erisi kiliendelea tu juu ya mapanga. Watu wa mpira nao walikuwa wamegeuka. Klaudi alikuwa amesema maneno, kwamba vidole vinamwasha, mdomo umekauka, macho yanamchoma, na nilipojaribu kuyatoa kwa Kiswahili sauti ikagoma. Mjomba akauliza wanasemaje. Nikasema wamesikitika.

Dude likafa. Klaudi akamnyanyua Erisi mikononi, akaingia naye majini, na alipokuwa anamwachia ashuke, kioo kikafanya pwii, kikawa kidoti kimoja cheupe katikati, kikazimika. Mgao.

Gizani nikasikia mtu anavuta kamasi. Halafu sauti ya yule mtoto wa muuza mihogo: "Kaka, tulishasevu?"

"Hatujasevu. Tangu kijijini."

Akafikiri.

"Kwa hiyo hajafa."

Nilitaka kumwambia haiko hivyo, kwamba ndivyo hadithi ilivyoandikwa, lakini wenzake walishalidaka. Hajafa! Kwenye memori yupo hai! Ile kadi ya memori ilikuwa na nafasi 15, nyingi zimejaa mipira ya watu, moja ni yetu, na humo ndani Erisi alikuwa bado yuko njiani kaskazini. Mjomba akaichomoa kwa kutumia mwanga wa simu, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia mfuko wa shati. Kisha akanigeukia. "Sasa wewe. Mahali fulani umesoma vibaya. Kama kwa nge."

Nikaapa. Hakunisikiliza mtu.

Siku hizi nacheza zile gemu ambazo kila jibu linapindisha hadithi. Baldur's Gate 3 ya 2023 nimeimaliza, na ninaisifu kwa kila mtu. Lakini mle mwenzako akifa unarudi kambini, unamlipa maiti mkavu aitwaye Withers dhahabu 200, anakufufulia. Sijawahi kumlilia mtu niliyemlipia dhahabu 200. Najua wapo wanaosema gemu isiyokupa uchaguzi si gemu ya kuigiza, ni filamu yenye vitufe. Hao hawakuwepo kwa Mjomba. Tulichagua sana sisi. Siku ya pili tulirudi kijijini, tukaongea na kila mtu upya, nikasoma neno kwa neno na kidole kwenye kioo, watoto wakinikagua kama mahakamani. Tukashuka. Akafa. Nikachomoa waya kabla hajaingia majini, kwa amri ya Mjomba. Baadaye nilikuja kusikia kwamba Marekani, Japani, huko kote watu walikuwa wakizusha njia za kumfufua, mara upeleke kitu fulani mahali fulani, mara ufikishe leveli kadhaa. Sikushangaa hata kidogo.

Siku ya tatu tukashuka tena. Jukwaa, maji, Erisi kapiga magoti. Nikamfikisha Klaudi mbele yake, gemu ikanyamaza kama kawaida yake, ikingoja nibonyeze.

"Kaka," mtoto wa muuza mihogo akasema, "tusibonyeze."

Nikamtazama Mjomba. Mjomba akatazama kioo, akatazama ile saa yake ya ukutani, kisha akawaambia watu wa mpira wapunguze sauti. Nikaiweka padi chini, katikati ya mkeka, waya wake ukiwa umelegea. Kidole gumba kilikuwa na alama ya kitufe. Mmoja wa wadogo akaisogelea, labda kuishika tu, akazabwa kofi la mkono.

Hakuna kilichotokea. Klaudi amesimama, Erisi anasali na macho ameyafumba. Mama muuza mihogo alikuja mlangoni kumwita mwanawe, akafunua khanga, akatukuta watu kumi tumeikalia TV isiyosogea, akauliza imeharibika? Mjomba akamwambia hapana dada, kaa. Akakaa, beseni la mihogo magotini. Saa 12 na dakika zake, umeme ukaondoka.