Aliyebisha hodi kabla ya alfajiri

Miaka tisa iliyopita, sala ya alfajiri ikiwa bado haijaadhiniwa, mwanamke wa mtaani kwetu hapa Tanga alibisha hodi mlangoni kwangu. Alikuwa amejitanda kanga hadi usoni, mkono wa kushoto ameushikilia kwa wa kulia. Mumewe alimpiga usiku ule. Mimi ndiye niliyewaozesha. Nilimwambia asubiri, Mwenyezi Mungu yu pamoja na wanaosubiri, nikamrudisha nyumbani na kumwahidi kwamba baada ya sala ya Ijumaa nitawaita wote wawili tuyamalize.

Nikawaita. Walikaa mkekani, sisi wanaume wanne tukiwa mbele yao. Nikamuuliza mke, mumewe akisikia: "Una lolote la kusema, mwanangu?" Akajibu hana. Nikaona mambo yamekwisha, nikaomba dua, tukanywa kahawa. Siku ya tatu alipelekwa hospitali, mbavu zimevunjika.

Katika kutayarisha darsa nilikutana tena na habari ya Habiba bint Sahl katika Sunan Abi Dawud, kitabu cha hadithi. Zamani nikisoma, tuliipitia kama mas-ala ya khului, yaani mke kujivua katika ndoa kwa kurudisha mahari: tukahesabu masharti, tukafunga kitabu. Safari hii niliisoma polepole. Thabit bin Qays alimpiga mkewe Habiba mpaka akamvunja kiungo, na bibi yule akaenda kwa Mtume (s.a.w.) baada ya alfajiri. Katika Muwatta ya Imam Malik imekuja kwamba Mtume alimkuta mlangoni pake, giza bado halijatoka. Hakumrudisha. Alimwita Thabit, akamwamuru apokee bustani mbili alizompa mkewe, kisha aachane naye. Nilifunga kitabu nikalia. Mlango ulikuwa uleule, saa ileile, na mimi nilifanya kinyume.

Tangu hapo simkalishi tena mke aliyepigwa pamoja na mumewe. Aya ya 35 ya Suratun-Nisaa, tuliyokuwa tukiitumia kuhalalisha vikao vyetu, inataka mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Sisi tulikuwa tukimkalisha mwanamke peke yake, hana hata shangazi wa kumsemea, halafu tunauita usuluhishi.

Sasa anayemsikiliza kwanza ni mke wangu, ndani, mlango umefungwa. Humuuliza maswali ambayo mimi sikuwahi kuyauliza: amewahi kukukaba shingo? Ametishia kukuua? Watoto wako wapi sasa hivi? Unaogopa kurudi leo? Akisema anaogopa, harudi. Analala kwetu, au kwa mmoja wa akina mama wawili wa darsa waliokubali kupokea wageni wa namna hiyo bila kuuliza mengi. Kama ameumia, tunamsindikiza Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, anapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, anatibiwa. Sisi hatumwamulii kushitaki au kutoshitaki.

Mume namwita siku nyingine, na simwambii mkewe alisema nini. Wengi huja wameshika aya ya 34 ya sura hiyohiyo, inayotaja kumpiga mke. Nawasomea maneno ya Ataa bin Abi Rabah, mwanachuoni mkubwa wa Makka katika zama za tabiina, kizazi kilichofuata Masahaba, ambaye katika aya hiyohiyo alisema mume asimpige mkewe hata akimwamrisha naye asitii; amkasirikie tu. Kisha nawasomea hadithi ya Bibi Aisha katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume hakupata kumpiga mwanamke kwa mkono wake. Na nawaambia kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haimpi mwanandoa yeyote haki ya kumpiga mwenzake. Kifungu hicho sasa nakisoma hata siku ya nikaha, kabla ya ijabu na kabuli, maneno ya kuoza na kukubali, baba wa bwana harusi akisikia.

Yupo aliyebadilika. Wapo ambao hawakubadilika, na wake zao tuliwaelekeza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa wachukue hati ya kwenda nayo mahakamani. Baada ya khutba yangu ya kwanza juu ya jambo hili, wazee watatu walinifuata baada ya Isha. "Sheikh, unatuvunjia nyumba." Niliwajibu kuwa nyumba ile ilivunjika siku ulipovunjwa ubavu. Mmoja wao hakusali nyuma yangu kwa miezi kadhaa. Iliniuma, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha Juzuu Amma, zile sura fupi za mwisho wa Qur'ani.

Yule mwanamke wa kwanza alihamia kwa kaka yake Korogwe. Ilinichukua miaka miwili kupata ujasiri wa kwenda kumwomba radhi. Nilimkuta akichoma maandazi, akanipa kigoda, akasikiliza mpaka nikamaliza. Nikamuuliza kwa nini siku ile alikuja kwangu na si kwa jirani yeyote.

"Nilijua utakuwa macho," akasema.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Siku hizi huamka kabla yangu, anawasha taa ya barazani na kuliondoa komeo, halafu ndipo anaweka maji jikoni. Wawili wamekwisha kuja saa hiyo.